Ushirika wa nyumbani, wenza wawili, kikundi cha watatu au kundi la simu: tathmini ya mipango ya urafiki katika imani

Makanisa mengi yana mpango fulani wa kuwaunganisha waumini ili mtu asibaki na imani yake peke yake. Unaitwa kwa majina mengi: ushirika wa nyumbani, seli, kikundi cha maombi, wenza wa maombi. Anayejiunga huwa anatafuta jambo moja. Anataka rafiki atakayemfahamu kiasi cha kugundua anapoanza kupoa, na atakayemwombea kwa jina lake na kwa jambo lenyewe linalomsumbua. Tathmini hii inapima kila mpango kwa kipimo hicho: baada ya miezi sita, je, kuna mtu anayejua hali ya roho yako, na akishajua anafanya nini?

Hukumu yetu tunaitoa mapema ili msomaji mwenye haraka aondoke nayo. Kikundi cha watu watatu wa jinsia moja, wanaoonana uso kwa uso kila wiki au kila baada ya wiki mbili kwa dakika 90, ndicho kinachofanya kazi hii vizuri kuliko mipango mingine yote. Mingine ina nafasi yake, na tutaisema, lakini ikiwa una jioni moja tu ya kutoa, itoe kwa watatu.

Ushirika wa nyumbani

Chukua ushirika wa kawaida wa watu 12 wanaokaa pamoja dakika 90. Nyimbo na sala ya kufungua zinakula dakika 10, Neno linachukua 30, na matangazo pamoja na kuwasubiri wachelewaji yanakula 5. Zinabaki 45. Zigawe kwa watu 12, kila mmoja anapata chini ya dakika nne za kueleza wiki yake na kuombewa humohumo. Hakuna anayeufungua moyo kwa dakika nne. Ndiyo maana maombi katika vikundi hivi yanafanana wiki hadi wiki: "Niombeeni safari." "Mnikumbuke kazini, mambo ni magumu." "Mama hajisikii vizuri, tumwombee." Yote ni ya kweli na yanastahili kuombewa, lakini hayamwonyeshi msemaji mwenyewe. Mtu anaweza kuombewa safari mara nne mfululizo huku hajafungua Biblia mwezi mzima, na asiwepo wa kujua.

Viongozi wakiona ubaridi huo mara nyingi huongeza kitu: somo lenye mvuto zaidi, mwalimu mgeni, sifa ndefu. Kila nyongeza inazimega zile dakika nne. Dawa ni kupunguza. Wiki moja kati ya nne, acheni somo kabisa, gawanyikeni watatu watatu katika pembe za nyumba, na muda wote uwe wa kusikilizana na kuombeana. Kikundi kinachofanya hivyo kwa uaminifu hubadilika sura ndani ya miezi michache, kwa sababu hata zile wiki tatu za somo watu hukaa karibu na mtu ambaye tayari wanamjua.

Ushirika wa nyumbani unapata alama za juu kwenye jambo ambalo watatu hawaliwezi, yaani mzigo wa mikono. Mgonjwa anahitaji zamu za kumwangalia usiku, aliyefiwa anahitaji watu wa kumsimamia shughuli, mama aliyejifungua anahitaji wa kumfulia. Yule mwenye kupooza katika Marko 2 alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari ili wamfikishe kwa Yesu. Marafiki wawili wasingemfikisha hata mlangoni. Kwa hiyo usiutoke ushirika wako ukishapata watatu. Humo ndimo unamopata watu wa kuchagua, na humo ndimo msaada mkubwa unamotoka.

Historia ina mfano mzuri wa kikundi cha ukubwa huu kilichofanya kazi. Mwaka 1742 jamii ya Kimethodisti mjini Bristol, Uingereza, ilikuwa na deni la jengo. Wakakubaliana kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki, wakagawanywa katika makundi ya watu 12 hivi, na kila kundi likawa na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Waliopita kukusanya peni wakaanza kuona mengine: ugomvi, ulevi, waliokata tamaa. John Wesley, kiongozi wao, akatambua kwamba kinachotokea mlangoni kina thamani kuliko peni yenyewe, na mpango wa deni ukawa mpango wa kulea roho. Baadaye wakaacha kupita nyumba kwa nyumba, wakawa wanakutana pamoja. Tunachokiona hapo ni kwamba kila mtu alikuwa na mtu maalumu wa kumuuliza hali yake kila wiki, kwa jina. Ushirika wa nyumbani usio na mtu wa namna hiyo hata kwa wanachama wake wanyamavu unakosa kiungo kikuu.

Wenza wawili wa maombi

Huu ndio mpango rahisi kuuanza. Unahitaji simu moja na jibu la "ndiyo". Faragha ni kamili, muda ni wa kutosha, na watu wawili wakikubaliana kwa kina wanaweza kufika mbali. Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na Joe Church, daktari mmisionari kutoka Uingereza, walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Wengi walioandika juu ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko mkubwa wa kiroho makanisani, wanaihesabu siku hiyo kuwa mojawapo ya mizizi yake. Biblia nayo inamwonyesha Yonathani akimwendea Daudi huko mwituni na kumtia nguvu katika Mungu (1 Samweli 23:16), safari moja ya mtu mmoja kwa rafiki yake anayewindwa.

Udhaifu wa wawili unaonekana baada ya muda. Mmoja akiugua, akihama au akichoka, hakuna mkutano. Wakikosana hakuna wa kuwapatanisha, na aliyeumia hana wa kumwambia bila kuvunja siri. Kuna na hatari isiyosemwa sana: wawili wenye udhaifu mmoja huzoeana nao. Wote wana uchungu na mtu mmoja, au wote wameacha kusoma Neno, basi wanaelewana vizuri mno na hakuna anayemshtua mwenzake. Tunaupendekeza kwa muda maalumu wenye jambo moja, kwa mfano siku 40 za kuombea ndoa au uamuzi wa kazi. Kwa mwendo mrefu, mtafuteni wa tatu.

Kikundi cha watatu

Mhubiri 4:9 inasema wawili ni afadhali kuliko mmoja, kisha mstari wa 12 unafika mahali pa kusema kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi. Katika utendaji sababu zinaonekana wazi. Mmoja akikosa, wawili wanakutana na mwendo haukatiki. Wawili wakigongana, wa tatu yupo na anaijua habari yote. Mmoja akianza kujitetea, watu wawili wanamtazama badala ya mmoja. Mkiwa wanne, mkutano unakaribia saa mbili, watu wanaanza kutega, na mara nyingi kikundi kinajigawa chenyewe katika jozi mbili zinazopigiana simu pembeni. Mkiwa wanne kweli, afadhali mwanze vikundi viwili na kila kimoja kitafute wa kujaza nafasi.

Uchaguzi wa watu ndio unaoamua zaidi ya nusu ya mambo. Wawe wa jinsia moja. Mazungumzo ya kina kila wiki kati ya mwanamume na mwanamke wasio mke na mume hujenga ukaribu ambao hawakuukusudia, na wenye ndoa ndio wanaoumia kwanza. Mwenzi wako wa ndoa asiwe mmoja wa watatu, maana kuna siku jambo la kuombewa litakuwa namna unavyomtendea yeye. Bosi wako asiwemo, wala unayemsimamia kazini, wala unayemdai au anayekudai. Mchungaji wako naye tunashauri asiwemo, si kwa kumkosea heshima: anayeweza kukuondoa kwenye uongozi wa kwaya ni vigumu kumwambia kwamba umeshindwa. Yeye anahitaji watatu wake, pengine wachungaji wenzake wa mahali pengine.

Rafiki wa zamani sana wakati mwingine hafai kama unavyodhani, kwa kuwa mmeshazoea kutaniana na mtakwepa kila jambo zito kwa mzaha. Mtafute mtu ambaye umeona akitunza siri ya mtu mwingine mbele yako. Hiyo ndiyo sifa tunayoiweka juu, kuliko ujuzi wa Maandiko. Mithali 11:13 inasema mwenye roho ya uaminifu husitiri mambo. Sikiliza jinsi mtu anavyozungumza habari za wasiokuwepo, utajua atakavyozungumza habari zako.

Namna ya kumwalika nayo ina uzito. Ukimwambia mtu "tuwe kikundi cha kuwajibishana", anasikia ahadi ya maisha yote na anaogopa. Mwambie: "Ndugu yangu, nataka tukutane watatu kwa wiki sita, dakika 90 kila mara. Tukimaliza wiki ya sita kila mtu aseme kama anaendelea." Ukomo wa wiki sita unampa mtu mlango wa kutokea bila aibu, na anayejua mlango upo husema ukweli mapema zaidi. Atakayekataa usimwombe mara ya pili.

Dakika 90 zinavyotumika

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibikiwa, kwa hiyo tunaenda polepole.

Dakika 5 za kwanza ni kimya na sala fupi. Simu zimezimwa na kuwekwa mbali, hata ile iliyogeuzwa kifudifudi mezani, kwa sababu kila inapotetemeka anayesema anakata neno.

Dakika 15 zinazofuata ni Neno. Kifungu kimoja, mistari isiyozidi 15, ambacho wote watatu wamekisoma wiki nzima. Kinasomwa kwa sauti mara moja, kila mtu anasema mstari mmoja uliomshika na sababu yake. Hakuna anayefundisha. Mwalimu akijitokeza, na katika vikundi vya waumini waliokomaa hujitokeza kila mara, mkumbusheni kwa upole kwamba somo lipo Jumapili.

Dakika 60 ni za watu, 20 kwa kila mmoja, na saa inatazamwa. Dakika 12 anaongea mwenyewe bila kukatizwa. Dakika 3 wenzake wanauliza maswali tu. Dakika 5 anaombewa papo hapo na wote wawili, kabla ya zamu ya mwingine kuanza. Msiyaache maombi yote hadi mwisho. Mazungumzo siku zote hula muda, na mkiyaweka mwisho mtajikuta mnafunga kwa sala moja ya haraka inayowataja watu watatu katika pumzi moja. Anayeombewa mara tu baada ya kusema jambo gumu hapati muda wa kuanza kujutia kwamba amelisema. Zamu ya kwanza izunguke, kwa kuwa wa mwisho huwa anapata masikio yaliyochoka.

Dakika 10 za mwisho ni za kukubaliana: kila mtu ataulizwa nini mkikutana tena, na mtaonana lini. Tarehe iandikwe kabla hamjanyanyuka. "Tutawasiliana" imeua vikundi vingi kuliko ugomvi.

Kwa wiki sita za mwanzo maswali manne yanatosha. Tangu tuonane, ni wakati gani ulimwona Mungu yuko karibu, na ni wakati gani ulimwona yuko mbali? Neno gani limekushika, na umelifanyia nini? Unabeba jambo gani ambalo bado hujamwambia mtu? Tukuombee nini ambacho tutaweza kukuuliza tukionana?

Hilo la nne ndilo linalobeba mengine. Linganisha maombi haya mawili. La kwanza: "Niombeeni kazini." La pili: "Jumatano nina kikao. Ripoti imechelewa kwa sababu yangu, na najua nitashawishika kumtupia lawama kijana wa ofisini. Niombeeni niseme ukweli." Ombi la kwanza ukimuuliza baadaye atajibu "Mungu ni mwema", na mazungumzo yameisha. La pili lina siku, lina mtu anayeweza kuumizwa, lina jaribu lililotajwa kwa jina. Alhamisi asubuhi rafiki anatuma maneno mawili tu: "Jana ilikuwaje?" Mtu akitoa ombi la aina ya kwanza, mwulizeni: litatokea siku gani, na wewe mwenyewe unaogopa utafanya nini? Mara nyingi maswali hayo mawili yanatosha kulifungua.

Wapo wanaotaka kuanza moja kwa moja na maswali ya Wesley. Kanuni za vikundi vyake vidogo ziliandikwa tarehe 25 Desemba 1738, na kila walipokutana watu waliulizwa: ni dhambi gani unazozijua umetenda tangu tulipokutana? Umekutana na majaribu gani? Uliokolewaje kutoka katika hayo? Umefikiri, umesema au umefanya nini ambacho huna hakika kama ni dhambi au la? Ni maswali mazuri mno. Lakini waliojiunga walikuwa wameulizwa kwanza kama wanataka kuambiwa makosa yao waziwazi, na wakakubali. Ukimrushia mtu swali la kwanza siku ya kwanza atatafuta dhambi ndogo ya kukuridhisha, na akishazoea kufanya hivyo ni kazi kumrudisha. Yaleteni baada ya miezi miwili, kwa makubaliano ya wote watatu. Tunalipenda hasa lile la tatu, uliokolewaje, kwa sababu linamlazimisha mtu kusimulia ushindi wake pia, na wenzake wanajifunza njia.

Kila mtu awe na daftari dogo. Ndani yake, herufi ya kwanza ya jina la mwenzake, tarehe, na maneno matatu au manne ya ombi. Basi. Madaftari husahaulika kwenye viti na husomwa na watu wa nyumbani, kwa hiyo maelezo ya kuungama hayaandikwi kamwe.

Yanayoharibika

Ushauri wa haraka ndio ugonjwa wa kwanza. Marafiki wa Ayubu wanasemwa vibaya, lakini walianza vizuri kuliko wengi wetu: walisafiri kutoka kwao, wakalia, wakaketi naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona huzuni yake ni kubwa mno (Ayubu 2:11–13). Waliharibu walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake. Rafiki mwenye imani anaposikia maumivu hukimbilia mstari wa Biblia, na mara nyingi anautumia kumnyamazisha anayelia ili yeye mwenyewe apumue. Kanuni ya dakika 3 za maswali tu inazuia hilo. Baada ya hapo mwulizeni mwenye jambo: unataka tukushauri, au tukuombee tu? Jibu lake liheshimiwe.

Kuvuja kwa siri ni ugonjwa wa pili na ndio unaoua. Karibu kila mara siri hutoka ikiwa imevaa nguo ya maombi: "Tumkumbuke sana ndugu fulani, anapita mahali pagumu." Msikilizaji akiuliza pagumu wapi, habari imeshatoka. Mpatane tangu siku ya kwanza kwamba habari ni ya mwenyewe, na hairuhusiwi kutoka hata kwa mume au mke wa msikilizaji, hata kama ombi, bila mwenyewe kusema "mnaweza kusema". Ikivuja, fuateni Mathayo 18:15: aliyeumizwa amwendee aliyevujisha, wakiwa wawili tu. Akikiri, kikundi kinaweza kupona, ingawa kitarudi nyuma miezi. Ikivuja mara ya pili, fungeni kikundi.

Siri hii ina mipaka, na mipaka hiyo isemwe kabla mtu hajafungua kinywa. Mtoto anaumizwa, mtu anapigwa nyumbani, mtu amesema atajiua au ataua: hayo hayafichwi. Yanapelekwa siku hiyohiyo kwa wenye uwezo wa kulinda maisha, na mwenye jambo anaambiwa kwamba yatapelekwa. Vilevile huzuni isiyoondoka, kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, ulevi uliomshika mtu au majeraha ya kudhulumiwa yanahitaji daktari au mshauri aliyesomea. Kazi ya marafiki hapo ni kumsindikiza hadi mlangoni, kukaa naye akisubiri zamu, na kuendelea kuomba. Kumwambia kwamba akiomba zaidi hatahitaji dawa ni kumtwisha mzigo wa pili.

Ugonjwa wa tatu unachelewa kuonekana. Mtu anaungama jambo lilelile mara ya tano, wenzake wanamhurumia, anaombewa, anatoka amepata nafuu, na wiki ijayo ni vilevile. Kikundi kimekuwa mahali pa kushusha uzito ili akaanze upya. Yakobo 5:16 inaagiza kuungamiana na kuombeana "mpate kuponywa", na kuponywa kuna hatua. Jambo likirudi mara ya tatu, badilisheni swali: saa moja kabla ya kuanguka ulikuwa wapi, na nani, umeshika nini mkononi? Mara nyingi jibu ni lilelile kila mara: usiku wa manane, peke yake, simu kitandani. Basi simu inalala sebuleni kuanzia usiku huo, na rafiki anauliza kesho yake kama ililala huko. Hatua moja inayoonekana inafaa kuliko ahadi kumi.

Halafu kuna pesa. Watatu wasikopeshane. Anayedaiwa hukwepa mkutano, na anayedai hushindwa kumsikiliza mwenzake bila kuhesabu. Mmoja akipungukiwa, wenzake wapeleke jambo kwenye ushirika mkubwa au kwa mashemasi kwa idhini yake, au watoe zawadi isiyorudishwa.

Jambo zito zaidi ni utawala. Katika miaka ya 1970 huko Marekani ulitokea mwendo wa "uchungaji" ulioanzia Fort Lauderdale, ambamo kila muumini aliwekwa chini ya mchungaji wake binafsi. Nia ya mwanzo ilikuwa kuwalea watu, lakini mahali pengi ikafika hatua ya kuomba ruhusa kwa mambo ya ndoa, kazi na makazi. Bob Mumford, mmoja wa viongozi wake watano, baadaye aliomba radhi hadharani. Alama za kuangalia ni hizi: mmoja wa watatu haungami kamwe ila anapokea maungamo ya wenzake, au neno "Mungu ameniambia juu yako" linatumika kufunga mjadala. Wagalatia 6 inashikilia mambo yote mawili kwa pamoja: mstari wa 2 unasema tuchukuliane mizigo, na wa 5 kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Rafiki anakusaidia kuamua, lakini haamui kwa niaba yako.

Makundi ya simu na programu

Kundi la WhatsApp la watu 60 wa kanisa ni ubao wa matangazo. Linafaa kwa kutangaza msiba na kubadilisha muda wa ibada. Usitume humo jambo la moyoni, kwa kuwa picha ya ujumbe husafiri kuliko maneno ya mdomo na haifutiki. Kwa watatu, kundi la simu lina kazi moja: kumkumbuka mtu siku ya jambo lake. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika wenye sala humsaidia zaidi kuliko picha ya maua yenye mstari wa Biblia.

YouVersion, programu ya Biblia iliyoingia kwenye simu mwaka 2008, inakuwezesha kusoma mpango wa Biblia pamoja na marafiki na kuandikiana mnachojifunza. Haitozi pesa, na kwa zile dakika 15 za Neno inasaidia sana, kwa kuwa wote mnafika mmesoma kifungu kilekile. Chagueni mpango wa siku 7 au chini ya hapo. Mirefu huachwa katikati, na aliyebaki nyuma huona haya hadi anaacha kufungua kabisa. Tahadhari yetu ni kwamba alama ya "nimemaliza" inaonyesha tu kwamba mtu amebonyeza. Aliyetiki siku zote saba bado anahitaji kuulizwa.

Walio mbali, wagonjwa na wanaosafiri wanaweza kukutana kwa simu ya video. Punguzeni muda hadi dakika 60, 15 kwa kila mmoja, kwa sababu macho huchoka haraka, na kila mtu awe chumba ambacho hakuna anayesikia. Angalau mara moja kila miezi mitatu mfanye juu chini muonane ana kwa ana.

Kuendelea na kufunga

Wiki ya sita isipite bila lile swali mliloahidi. Wote wakisema ndiyo, ongezeni miezi mitatu, kisha mwaka. Mwaka ukitimia, tumieni mkutano mmoja mzima kupitia madaftari: ombi moja moja, tarehe yake, na kilichotokea. Yasiyojibiwa yatajwe pia bila kuyapamba. Kisha kila mmoja aseme kama anaendelea, anapumzika au anaondoka. Anayeondoka aombewe dakika zake 20 kamili kama siku nyingine, achane kurasa zake za daftari mbele ya wenzake, na ahadi ya siri ithibitishwe kwamba inaendelea. Nafasi yake isijazwe kabla ya wiki nne, na mgeni akija mnarudi kwenye yale maswali manne ya mwanzo kwa wiki sita, hata kama ninyi wawili mmeyazoea.